Programu Gani Zije na Mashine? Mjadala wa Unguja

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilimaliza msaada wake wa kawaida kwa Windows 10. Kwenye maduka ya kompyuta ya Darajani na Mlandege habari hiyo iligusa riziki za watu, kwa sababu laptopu nyingi zinazouzwa huko ni za mtumba. Windows 11 inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0, RAM ya GB 4 kwa uchache, na prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 kwenda juu, yaani zile zilizoanza kutoka mwaka 2017. Mashine ya mwaka 2013, hata ikiwa na kioo kizima na kibodi isiyo na mkwaruzo, haimo. Mwenyewe ama ataendelea na mfumo ambao msaada wake wa kawaida umekwisha, ama ataingiza Windows 11 kwa njia za mkato, ama atahamia mfumo huria wa Linux.

Wanaohamia Linux hukutana na suali linaloonekana dogo: mfumo ukishawekwa, uje na programu gani tayari, na zipi mtu aachiwe azitafute mwenyewe? Mimi naliona suali hili ni la haki kabla ya kuwa la ufundi. Lakini kwanza wasemane wenye kazi yao. Sauti nne zifuatazo nimezitunga mimi: fundi wa laptopu wa Mlandege, maalim aliyesomesha sekondari na kusimamia chumba cha kompyuta cha skuli, bibi mwenye duka la steshenari mjini, na binti anayesomea kompyuta Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, Tunguu. Hoja zao sikuzitunga. Zinasemwa kila siku.

FUNDI: Nianze mimi, maana mashine zinapita mikononi mwangu. Mteja analeta laptopu, anasema, "Nipigie Windows, niwekee na kila kitu." Orodha hana. Kila kitu maana yake Word, programu ya kuangalia filamu, ya kufungua PDF, ya kufungua zip, kinga ya virusi, na kivinjari. Mimi nina flashi yangu, yote yamo, namaliza kazi na mtu anaondoka radhi. Sasa mkinitaka nihamie Linux halafu nimkabidhi mtu mashine tupu, mtaniharibia jina.

BINTI: Hakuna aliyesema tupu, fundi. Lakini hiyo flashi yako ina Office ya wizi na kile kiprogramu cha kuifungulia. Ili kifanye kazi unazima kinga ya virusi kwanza. Umewahi kujiuliza mna nini ndani yake? Wewe umepewa na mwenzio, naye kapewa na mwengine. Anayejua kilichomo hayupo hapa Unguja.

FUNDI: Hilo sikatai, dada. Ila mteja hanilipi kwa ajili ya usalama. Ananilipa ili kesho asubuhi aandike barua.

BINTI: Na barua ataiandika. Ninachosema ni kwamba kila programu unayomuekea mtu ina matundu yake, na kila tundu linahitaji mtu wa kuliziba. Watu wa OpenBSD, mfumo huria wa aina ya Unix, wanalichukua jambo hili kwa uzito. Mwaka 2015, katika toleo la 5.8, waliiondoa sudo, programu ya kumpa mtumiaji mamlaka ya msimamizi, kwenye mfumo wao wa msingi wakaandika doas, programu ndogo ya kazi ileile. FreeBSD, mfumo ndugu yake, nao waliitoa lugha ya programu ya Perl kwenye msingi zaidi ya miaka 20 iliyopita, na toleo la 10 la mwaka 2014 likaitoa BIND, programu ya seva ya majina ya mtandao. Kanuni yao inaeleweka: kilichomo kwenye msingi tunakitunza sisi wenyewe, kwa hiyo kisiwe kikubwa kuliko uwezo wetu wa kukitunza. Anayetaka zaidi anaongeza.

MAALIM: Anaongeza kutoka wapi, mwanangu?

BINTI: Kutoka kwenye hifadhi ya programu, Maalim. Amri moja tu.

MAALIM: Amri moja na bando. Hao uliowataja wanaishi mahali ambapo mtandao haukatiki na wala hauhesabiwi. Mwalimu wa Tumbatu ukimwambia "utaipakua mwenyewe", umemwambia akanunue bando kwa fedha yake, akatafute mahali penye mnara mzuri, akae na laptopu yenye betri ya mtumba akiomba isizime katikati. LibreOffice, programu huria ya kuandikia, peke yake ni MB mia kadhaa. Na huo mtandao wenyewe tunaujua. Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilikatika, na mtandao wa Tanzania ukazorota vibaya kwa siku kadhaa. Mwenye bando na asiye nalo walikuwa sawa. Umeme nao: kisiwa hiki kilikaa gizani karibu mwezi mzima mwaka 2008, kisha kikakaa gizani tena kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010. Sisi tumeshajifunza kwamba kisichokuwamo ndani ya nyumba siku ya shida ni kama hakipo duniani.

Hapo ningependa kumuunga mkono Maalim kwa kisa ambacho watumiaji wa Linux wa visiwani wanakifahamu vizuri. Debian, mradi wa kutengeneza mfumo wa Linux ulioanzishwa na Ian Murdock mwezi Agosti 1993, kwa miaka mingi ulikataa kuweka kwenye diski zake rasmi programu yoyote isiyokuwa huru. Msimamo wa heshima, nami nauheshimu. Lakini kadi nyingi za waifai haziamki mpaka zipewe faili lao dogo la kuziendesha, na mafaili hayo si huru. Ukiweka Debian kwenye laptopu ya kawaida ya mtumba, mashine inakwambia linakosekana faili fulani, ulilete kwa flashi. Ulitoe wapi, na mtandao wa kulitafutia ndio huo unaojaribu kuufungua? Aliye Ulaya angechomeka waya kwenye ruta ukutani kwake. Aliye Jambiani mtandao wake ni simu.

Oktoba 2022 wanachama wa Debian walimaliza kupiga kura juu ya jambo hili. Walikubali kuubadilisha hata Mkataba wao wa Kijamii ili mafaili hayo yaingie kwenye diski rasmi, na Debian 12, iliyotoka tarehe 10 Juni 2023, ikaja nayo. Baadhi ya watu waliona ni kushindwa kwa msimamo. Mimi naona ni siku ambayo mradi ule ulimfikiria mtu asiye na waya ukutani. Faili lenye ukubwa wa picha chache za simu ndilo lililokuwa likiamua nani ataingia na nani atabaki nje.

MWENYE DUKA: Nyinyi mnazungumza habari za waifai, mimi nazungumza habari za karatasi. Kwangu watu wanaingia na flashi: huyu ana wasifu wake wa kuombea kazi, yule ana barua ya sheha, mwengine ana mtihani wa skuli unatakiwa nakala mia mbili kabla ya saa nane. Nataka mashine ifungue faili lililoandikwa kwa Word na lisivunjike, itoe PDF, na ijuane na printa yangu tangu siku ya kwanza. Hayo matatu yakiwa hayamo, mimi sina duka. Na kuna la nne ambalo hamjalitaja hata mmoja wenu.

FUNDI: Lipi hilo, bi mkubwa?

MWENYE DUKA: Kiarabu. Vyuo vya Kurani vikikaribia kuhitimisha wanafunzi, wanakuja kutengeneza shahada. Jina la mtoto kwa Kiarabu juu, kwa Kiswahili chini, na aya pembeni. Ikiwa fonti ya sawasawa haimo, herufi zinaachana badala ya kushikana, shadda inakaa pembeni ya herufi yake, au unaona visanduku vitupu. Aya ya Kurani huwezi kumpa mtu namna ile. Hiyo ni dhambi, si kosa la uchapaji. Nimeona watu wanarudisha kazi na kwenda kuandikiwa kwa mkono.

Nimefurahi kulisema hili kwa sauti yake, kwa sababu ni mfano bora wa jambo lote. Fonti huria ya Amiri, aliyoitengeneza Khaled Hosny kwa kufuata herufi za chapa za Misri, imo katika hifadhi ya Debian. Haizidi MB chache. Kamusi ya kukagulia tahajia ya Kiswahili nayo imo, kwa jina la hunspell-sw. Kuna hata zana ziitwazo Andika!, alizozitengeneza Kevin Donnelly ili Kiswahili kiandikwe kwa herufi za Kiarabu pamoja na zile ambazo Kiarabu chenyewe hakina, kama pe na che. Mtu anayezijua atazipata. Lakini anayezihitaji khasa ni yule asiyejua kwamba zipo, na asiyejua kwamba kipo kitu cha namna hiyo hawezi kukiomba. Kuwapo kwenye hifadhi na kuwamo ndani ya mashine ni mambo mawili yaliyo mbali kama Unguja na Muskati.

BINTI: Nakubali fonti. Nakubali na kamusi. Lakini Maalim, bibi, tutaishia wapi? Kesho atakuja mpiga picha wa Forodhani anataka GIMP, keshokutwa atakuja mtu wa ramani anataka QGIS. Na ana haki: wakati Zanzibar ilipopigwa picha nzima kwa ndege zisizo na rubani, kazi iliyoanza mwaka 2016, Kamisheni ya Ardhi na chuo chetu walihitaji programu za ramani kuliko za barua. Kila mmoja ana "lazima" yake. Ubuntu, mfumo wa Linux uliojengwa juu ya Debian, walipokuwa na nafasi ya CD moja tu, MB 700, walilazimika kuchagua. Mwaka 2010, toleo la 10.04, GIMP ikatoka. Watu wakalalamika, dunia haikuisha. Mwaka 2012 wakauvuka mpaka wa CD, na leo faili la kusakinishia Ubuntu 24.04 linakaribia GB 6. Mpaka ukiondoka, watu huacha kufikiri.

FUNDI: Mimi hizo CD nazikumbuka. Zilikuwa zinakuja bure kwa posta, mpaka mwaka 2011 walipoacha. Uzuri wake ulikuwa mmoja: unaweka kwenye mashine isiyo na mtandao, unafunga mlango, mtu anaanza kazi.

MAALIM: Na sasa je? Niliambiwa kwamba tangu toleo la 23.10 Ubuntu ukibonyeza "endelea" mpaka mwisho unapata usakinishaji mdogo, hauna LibreOffice. Unaitaka, lazima ujue pale katikati kubadilisha chaguo. GB 6 zimo kwenye flashi, na mwalimu anapewa mashine isiyoandika barua! Mgeni hupewa maji kabla hajaomba, mwanangu. Hasubiriwi mpaka ajue jina la mtungi.

BINTI: Lakini Maalim, kuna jambo hukulihesabu. Kila programu iliyowekwa itadai masasisho. Hiyo LibreOffice unayompa mwalimu wa Tumbatu bure leo, itamtaka bando kila linapopatikana tundu la kuzibwa. Ukimuekea programu mia moja asizozitumia, umemuandikia deni la kila mwezi. Asipolilipa, anabaki na mashine yenye matundu mia. Udogo wa msingi kwangu si anasa ya Ulaya. Ni kumpunguzia masikini gharama.

Maalim hakuwa na jibu la haraka hapo, na mimi pia naona ni hoja nzito kuliko zote za upande wa pili. Wapenzi wa msingi mnene tumezoea kuhesabu gharama ya siku ya kwanza tu. Binti anahesabu mwaka mzima.

Jibu lilitoka kwa fundi, na lilitoka kwenye uzoefu wake.

FUNDI: Dada, hapo mimi nina la kusema. Mashine zinazorudi kwangu hazirudi kwa sababu diski imejaa. Diski ni GB 500, mtu ametumia 60. Zinarudi kwa sababu zimekuwa nzito. Unafungua, unatazama kwenye orodha ya zinazofanya kazi: mteja hajagusa kitu, na RAM yake ya GB 4 imeshaliwa nusu. Kuna kitu kinatafuta masasisho, kuna kitu kinapekua mafaili yote ili kuyaandikia faharasa, diski inalia krr krr, kuna kitu cha Bluetooth na hana hata spika ya Bluetooth, kuna duka la programu limejifungua lenyewe. Hizo ndizo zinazoua mashine. Zile zilizolala kwenye diski hazina neno na mtu.

BINTI: Kwa hiyo unagawa baina ya zinazolala na zinazojiamsha.

FUNDI: Ndiyo. Iliyolala, niachie. Inayojiamsha, iniombe ruhusa. Tena khasa inayojiamsha na kupiga simu nje.

Mgawanyo huu nauona ndio ufunguo, na nashangaa kwamba husikika mara chache. Watu hubishana juu ya idadi: programu nyingi au chache. Idadi haituambii kitu. Fonti hamsini za Kiarabu hazimdhuru mtu. Programu moja inayoamka usiku na kutumia bando la mwenyewe inamdhuru. Afrika imeshaliona hili kwenye simu. Agosti 2020 kampuni ya Upstream ilitangaza kwamba simu za Tecno W2 zilikutwa zimeuzwa zikiwa tayari na programu haramu za Triada na xHelper, zikiwaandikisha watu kwenye huduma za kulipia bila ya wao kujua. Ethiopia, Misri, Ghana, Kamerun na Afrika Kusini zilitajwa. Transsion, kampuni mama ya Tecno, ilisema ni kazi ya mmoja wa watoa huduma wake njiani. Vyovyote iwavyo, aliyelipa ni mtu aliyenunua simu ya bei ndogo kwa sababu hakuwa na fedha ya simu ya bei kubwa. Programu ilikuwamo, haikuombwa, ilijiamsha, ikapiga nje.

Na tusidhani kwamba kuondoa tu kunatosha. Machi 2004 Tume ya Ulaya iliipiga Microsoft faini ya euro milioni 497, ikaiamuru pia iuze Windows isiyo na Media Player. Ikauzwa. Karibu hakuna aliyeinunua. Lile linalokuja tayari ndilo linalotumiwa, na ndiyo maana anayeamua kinachokuja tayari amebeba dhamana kubwa.

MAALIM: Basi nami niseme la mwisho upande wangu. Nilipokuwa chumba cha kompyuta, mwanafunzi akiandika insha ya Kiswahili kwenye mashine isiyo na kamusi ya Kiswahili, ukurasa mzima unapigwa mistari myekundu. Ameandika "maendeleo", mstari mwekundu. Ameandika "mwananchi", mstari mwekundu. Ameandika jina la baba yake, mstari mwekundu. Mtoto ananiuliza, "Maalim, nimekosea wapi?" Hajakosea popote. Lakini mashine imemwambia mara mia mbili kwa ukurasa mmoja kwamba lugha yake ni kosa. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walilifanyia kazi hili zamani, mradi wa Kilinux, Desemba 2004 wakatoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili. Miaka ishirini na zaidi. Bado mimi nakaa na mashine mojamoja naiongezea kamusi kwa mkono. Kwa nini isije nayo?

BINTI: Hiyo, Maalim, ije nayo. Sina ubishi.

Debian wana sera iliyoandikwa juu ya mambo haya, na inafaa kusomwa na kila fundi. Vifurushi vya programu vimepangwa kwa daraja: vya lazima, muhimu, vya kawaida na vya hiari. Debian 13, iliyotoka tarehe 9 Agosti 2025, ina vifurushi 69,830, na karibu vyote ni vya hiari. Kilichonishika ni kipimo cha daraja la "muhimu". Kifurushi kinaingia humo ikiwa mtu mzoefu wa Unix akikikosa atastaajabu na kuuliza kimekwenda wapi. Ni kipimo cha kiutu, cha kupimika, wala hakihitaji kamati. Lakini matokeo yake yanategemea nani anayestaajabu. Mzoefu wa Unix atastaajabu akiikosa zana ya kutafutia maneno ndani ya mafaili. Bibi wa steshenari atastaajabu akiikosa printa. Maalim anastaajabu akiona Kiswahili kimepigwa mistari. Wa kwanza ndiye aliyekuwapo sera ilipoandikwa.

Na asiyekuwapo ni vigumu kuhesabiwa baadaye. Debian ina programu ya hiari iitwayo popularity-contest. Ukiikubali, kila wiki hutuma orodha ya vifurushi ulivyonavyo, na hesabu zake husaidia kuamua vipi viwekwe kwenye diski ya kwanza. Hutumwa kwa mtandao. Mashine isiyo na mtandao haipigi kura, ilhali diski ya kwanza ndiyo tegemeo lake lote. Wenye mtandao wa uhakika, ambao diski hiyo haiwahusu sana, ndio wanaoamua iwe na nini. Sioni njama humo, wala sidhani aliyeibuni alikusudia ubaya. Ila matokeo ni hayo, na hayatarekebishika mpaka sisi wenyewe tuseme tunachohitaji.

BINTI: Suala langu la masasisho bado halijajibiwa. Fundi kalipunguza, hakulimaliza.

FUNDI: Dawa yake ni kupakua mara moja kwa wengi. Chumba cha skuli kina mashine ishirini, kwa nini kila moja ipakue kivyake? Iwepo moja yenye apt-cacher-ng, inapakua mara moja, kumi na tisa zinachota kwake. Na wa mbali tumfikirie kwa flashi: apt-offline inakuandikia orodha ya kinachotakiwa, unakuja nayo mjini, unajaza, unarudi nayo. Umeme ukikatika katikati ya kusasisha, ajue amri ya kumalizia kilichobaki, dpkg --configure -a. Hiyo amri iandikwe kwa Kiswahili, ikae kwenye mashine, si kwenye mtandao.

MWENYE DUKA: Na mwongozo wa printa.

MAALIM: Na Wikipedia ya Kiswahili. Makala zake zimeshapita 80,000, na kwa programu ya Kiwix inasomwa bila mtandao. Hiyo imelala tu, wala haipigi simu nje.

BINTI: Maalim, mwanzo ulikuwa unataka barua tu.

MAALIM: Mwanzo nilikuwa sijakusikiliza. Umenionesha cha kuogopa, na kumbe vitabu havimo katika cha kuogopa.

Hukumu yangu ni hii. Msingi wa mashine ya Unguja uanze na vitu ambavyo bila yake huwezi kupata vyengine: mafaili ya waifai, draiva za printa, zana za kutengenezea mfumo ulioharibika, na maelekezo yake kwa Kiswahili. Juu yake ziwekwe lugha zetu, kamusi ya Kiswahili na fonti za Kiarabu, bila kumuuliza mtu. Kisha programu moja kwa kila kazi ya kila siku, moja ya kuandikia, moja ya kusomea PDF, moja ya filamu, moja ya kuvinjari mtandao, na isiwe ya wizi hata mojawapo. Hapo namfuata binti: mbili za kazi moja ni deni la masasisho bila faida. Programu za kazi maalumu, kama za ramani na picha, zikae kwenye flashi ya fundi, zisubiri mwenye kuzitaka. Na kila inayojiamsha au kutuma habari nje, izimwe mpaka mwenyewe aseme ndiyo. Hili la mwisho ndilo ningesimama nalo hata kama mengine yote yangenipita.

Orodha kama hiyo haitaandikwa na mtu wa mbali. Wapo wa kuiandika hapa hapa: mafundi wa Mlandege na Darajani, wanafunzi na walimu wa Tunguu, Taasisi ya Karume ya Mbweni, Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Amali. Ikubaliwe, iandikwe kwa Kiswahili, ibandikwe dukani, na ijaribiwe kwenye laptopu ya RAM ya GB 4 iliyozimwa waifai, mbele ya mwalimu ambaye hajawahi kuona Linux. Hifadhi ya vifurushi na masasisho nayo iwepo ndani ya kisiwa, mahali ambapo fundi anaweza kufika na flashi yake kwa daladala.

Nawe unayekwenda kununua laptopu ya mtumba wiki hii, kabla hujatoa fedha mwambie fundi aizime waifai mbele yako. Andika barua kwa Kiswahili, andika jina lako kwa Kiarabu, itoe kwenye printa. Halafu muombe akuoneshe programu zote zinazojiamsha mashine inapowaka, na akueleze kila moja ina kazi gani. Asiyoweza kukueleza, aizime.